Stelingi Aliyeondoka

Mtu yeyote aliyekulia kwenye vibanda vya video anaijua kanuni moja: stelingi hafi. Atapigwa risasi ya bega, atatupwa mtoni, atafungiwa kwenye nyumba inayowaka moto, lakini hafi. Sisi watoto wa Temeke tuliijua kanuni hiyo kabla hatujaijua jedwali la saba. Tulibanana kwenye mabenchi, miguu haifiki chini, na stelingi akizidiwa tulimtazama jirani kwa jicho la kusema, subiri uone.

Basi fikiria, msomaji, nilivyoshangaa nilipokutana na picha ambayo stelingi wake hakufa, hakushindwa, wala hakuaga. Msimu wa kwanza ulikwisha akiwepo. Msimu wa pili ukaanza hayupo. Kwenye kiti chake amekaa mtu mwingine, na kazi inaendelea.

Picha yenyewe ni Babylon 5, mfululizo wa televisheni wa Marekani. Ilinifikia kwa bahati tu. Mwaka 2020 fundi kompyuta mmoja wa Tandika aliniuzia diski ya mtumba ambayo mwenyewe wa zamani hakuifuta. Ndani nilikuta harusi ya watu nisiowajua, nyimbo za kwaya, na mafolda mawili yaliyoandikwa namba 1 na namba 2. La tatu halikuwemo. Hakuna aliyeitafsiri kwa sauti kama zile picha za Kichina za utotoni mwetu, kwa hiyo niliisikiliza kwa Kiingereza changu cha kuungaunga, nikirudisha nyuma kila mara, kamusi pajani. Ilikuwa kazi. Lakini mtu anayetaka kuwa mwandishi na hana pesa ya kununua vitabu hujisomesha kwa chochote kinachomwangukia.

Hadithi ni hii. Mwaka ni 2258. Miaka kumi imepita tangu wanadamu waponee chupuchupu kuangamizwa na Waminbari, watu wa sayari nyingine ambao silaha zao zilituzidi mbali. Ili vita isirudi, kimejengwa kituo angani, chombo cha chuma chenye urefu wa kilomita 8 kinachozunguka kama pia ili waliomo ndani wasielee. Humo wanaishi wakazi robo milioni: wafanyabiashara, mabalozi, wakimbizi, matapeli, na watu waliokwama wasio na nauli ya kurudi kwao. Vituo vinne vya mwanzo havikudumu. Vitatu vilihujumiwa, cha nne kilitoweka. Hiki ni cha tano, ndiyo maana ya jina lake. Ukiniuliza mimi, ni Kariakoo iliyoning'inizwa angani.

Kamanda wa kwanza anaitwa Jeffrey Sinclair, na aliigizwa na Michael O'Hare. Mtu mtaratibu, sauti ya chini, macho ya mtu asiyelala vizuri. Nilimpenda. Halafu msimu wa pili, ulioanza kuonyeshwa Marekani Novemba 1994, tunaambiwa tu kwamba Sinclair amehamishwa, amepelekwa kuwa balozi kwa Waminbari. Anayeingia ni Kapteni John Sheridan, yaani Bruce Boxleitner, mwenye tabasamu pana na mabega ya kijeshi. Huyu ana desturi ya kutoa hotuba ndani ya saa 24 za kukabidhiwa kazi mpya. Sehemu nzima ya kwanza anajaribu kuitoa na kila mara linazuka jambo. Mwishowe anaitoa akiwa amesimama peke yake kwenye chumba kitupu.

Nilicheka. Kisha nikaacha kucheka, nikafunga kompyuta, nikatoka nje kupunga upepo. Kwa sababu mimi mwenyewe nilishawahi kukaa kwenye kiti cha stelingi aliyeondoka, na najua kile chumba kitupu kinavyokuwa.

*

Tulikuwa na kikundi cha maigizo. Jina lake halina haja. Tulikuwa vijana tisa, ukumbi wa kuazima, spika moja inayokoroma. Stelingi wetu alikuwa rafiki yangu tangu shule ya msingi. Jina lake nalo sitalitaja, na mwishoni utaona kwa nini. Yeye ndiye aliyenifundisha kuandika. Nilikuwa naandika mazungumzo ambayo wahusika wote wanaongea kama mwalimu wa zamu. Aliyasoma kwa sauti, akanitazama, akaniuliza, "Mama yako anaongea hivi?" Nikasema hapana. "Basi futa." Somo hilo moja limenifaa kuliko mengi ya darasani.

Mwaka 2018 tuliandika pamoja mchezo wa nyumba ya kupanga yenye vyumba sita, baba mwenye nyumba mmoja, na luku moja ya kugombania. Yeye ndiye baba mwenye nyumba. Alivaa koti la kijivu lililomzidi mikono, na akitembea ndani ya koti lile alikuwa anazeeka mbele ya macho yako. Mimi sikuwa na nafasi jukwaani. Kazi yangu ilikuwa kukaa pembeni na daftari na kumkumbusha mtu akisahau. Nilikuwa nayajua maneno yake yote.

Zilipobaki wiki tatu, akaanza kubadilika. Akawa halali. Katikati ya mazoezi ananyamaza na kutazama dari. Akatuuliza mara mbili nani anarekodi. Washkaji wakadhani ni bangi. Haikuwa bangi, hata sigara hakuwa akivuta.

Usiku mmoja tukiwa bombani tunasubiri maji, akaniambia. Alisema feni ya chumbani kwake inaongea. Siyo kelele za feni, inaongea, na inamtaja kwa jina, na inajua alichofanya mchana. Alisema anajua kwamba haiwezekani. "Hilo ndilo linanitisha," akasema. "Ninajua haiwezekani, na bado naisikia." Kisha akasema, "Usimwambie mtu, kaka." Nikaapa. Nilitaja jina la Mungu.

Siku ya nne nikawaambia.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo nilipojificha kwa miaka. Kuna kusema ambako ni msaada. Ningemfuata mama yake nikamwambia, mama, mwenzetu anaumwa, tumpeleke hospitali, hiyo ingekuwa kuvunja kiapo kwa ajili ya uhai wake, na hakuna ambaye angenilaumu. Mimi sikwenda kwa mama yake. Niliwaambia kikundi, siku ambayo yeye hakuja mazoezini, na sikuwaambia tu. Niliigiza. Nilipanda kwenye kiti, nikainua kichwa taratibu kuelekea darini, nikafumbua macho yangu vile alivyokuwa akifumbua yake, nikaijibu feni. Watu walicheka hadi mmoja akalala chini. Mimi ambaye sikuwahi kupewa hata neno moja jukwaani, siku hiyo nilishangiliwa.

Kicheko kilipoisha mtu mmoja akasema, "Sasa nani atacheza baba mwenye nyumba?" Nikasema mimi nayajua maneno yake.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa stelingi. Habari ilifika mtaani kabla ya mabango. Watu wakataja Dodoma, na kila mtu wa Dar anajua maana ya kutajiwa Dodoma kwa namna ile. Mchezo ukaonyeshwa. Ukumbi ulijaa, tukapigiwa makofi. Nilipokuwa bado nahema nyuma ya pazia, mama yake akaingia. Nikasema shikamoo, akaitikia. Akasema, "Hongera, mwanangu. Nimefuata koti."

Sikujua. Lilikuwa koti la marehemu mumewe. Nilianza kulivua, na kwa kuwa nilikuwa na jasho, mkono wa kushoto ukaganda. Mama yule akanisaidia kuuvuta, taratibu, kama mtu anayemvua mtoto wake sare ya shule. Akalikunja akaondoka.

*

Narudi kwenye picha, maana ndiyo iliyonishika mkono.

Kwa wewe unayejifunza kuandika, msimu wa pili wa Babylon 5 ni darasa. Mtunzi wake, J. Michael Straczynski, aliipanga kazi yote kama riwaya moja ya miaka mitano, yenye mwanzo, kati na mwisho, katika zama ambazo tamthilia nyingi za Marekani zilijitahidi kila wiki kurudisha mambo pale pale yalipokuwa. Sehemu 110 kwa jumla, 1994 hadi 1998, na nyingi aliziandika mwenyewe. Fedha hazikuwa nyingi. Meli zao za anga zilianza kuchorwa kwa kompyuta za mezani za Amiga, wakati wakubwa walikuwa bado wanapiga picha vinyago. Lakini nguvu ya kazi hii haiko kwenye meli. Iko kwa mabalozi wawili.

Londo Mollari, aliyeigizwa na Peter Jurasik, ni balozi wa Wacentauri, dola kongwe iliyochakaa. Ana nywele zilizosimama kama mkia wa tausi, analewa, anacheza kamari, anadaiwa. Msimu wa kwanza tunamcheka. Mwenzake ni G'Kar, aliyeigizwa na marehemu Andreas Katsulas, balozi wa Wanarn, watu waliotawaliwa na Wacentauri kwa takriban karne moja kabla ya kujikomboa. Msimu wa kwanza G'Kar ndiye adui: ana hasira, ana hila, unamngojea apate chake.

Msimu wa pili mtunzi anawageuza wote wawili kama mtu anayegeuza shati. Yule wa kuchekesha anakuwa muuaji wa mamilioni. Yule adui anakuwa mtu ambaye ungependa awe baba yako. Na hakuna mahali utakaponyoosha kidole useme, hapa ndipo Londo alipokuwa shetani. Mtu mmoja mwenye tabasamu alimwuliza anataka nini. Akajibu kwamba anataka watu wake warudi kuwa wakubwa kama zamani. Yule mtu akamwambia, tutasaidiana. Basi. Kilichofuata ni hatua fupi fupi, na kila hatua ina sababu yake. Kwenye picha zetu za vibandani jambazi tulimjua kwa kicheko chake. Londo hachekelei. Yeye kila mara anaonekana kama mtu anayeahidi kwamba hii ndiyo ya mwisho.

Sehemu ya tisa inaitwa The Coming of Shadows, na mwaka 1996 ilipata tuzo ya Hugo. Mfalme wa Wacentauri, mzee mgonjwa, anasafiri hadi kituoni. Amekuja kufanya jambo ambalo hakuna mfalme wao aliyewahi kulifanya: kuwaomba radhi Wanarn kwa yote waliyotendewa. Anaanguka kabla hajasimama mbele ya watu. Lakini ujumbe wake unamfikia G'Kar. Na G'Kar, ambaye asubuhi ile alikuwa amejiandaa kumuua mfalme huyo, analainika. Anamtafuta Londo baa, anamkuta, anamnunulia kinywaji. Anacheka. Anakunywa pamoja na mtu wa kabila lililowanyonga wazee wake. Asilolijua ni kwamba Londo ameshatoa neno, na saa ile ile makazi ya Wanarn yanashambuliwa. Londo anashika glasi aliyonunuliwa. Uso wake unajaribu kutabasamu.

Nilisimamisha picha hapo hapo.

Kuna kitu sikukueleza. Kati ya siku niliyopanda kwenye kiti na siku habari ilipomfikia rafiki yangu, zilipita siku mbili. Jioni ya siku ya pili alinipitia nyumbani. Alikuwa ameoga, amechana nywele, amejitahidi. Tukaenda hadi kwa muuza chipsi wa kona. Yeye hakuwa na kazi wakati ule, lakini alitoa noti mfukoni akaagiza chipsi mayai mbili, na kachumbari kwa wingi kwa sababu anajua naipenda. Akasema, "Kaka, asante. Tangu nikwambie, nimelala usiku mmoja mzima." Nilikuwa na njiti mkononi. Nilikula. Nilizimaliza zote.

Ndiyo maana nilisimamisha picha. Uso wa Londo uliganda kwenye kioo cha kompyuta na nikaona kitu ambacho hakuna kioo cha ukutani kilichowahi kunionyesha.

*

Baada ya siku chache nikaanza kuulizia kwenye simu yule kamanda wa kwanza alikwenda wapi. Nilidhani ni mambo ya pesa, au alijiona mkubwa.

Kumbe Michael O'Hare alikuwa anaumwa. Wakati wa msimu wa kwanza akili yake ilianza kumsumbua vibaya. Aliona na kuamini mambo ambayo hayakuwepo, na kila siku ilikuwa vita. Alimweleza Straczynski. Straczynski akajitolea kusimamisha utayarishaji wote hadi mwenzake atibiwe, ingawa kusimama kungeweza kuwa ndio mwisho wa mfululizo. O'Hare akakataa. Aliona kwamba watu wengi wangekosa mkate kwa ajili yake. Wakakubaliana amalize msimu, kisha aondoke kwa heshima, hadithi imtafutie njia. Na hadithi ilikuwa na njia, maana mtunzi alikuwa amemwekea kila mhusika mlango wa dharura, ili mwigizaji akiondoka, jengo lisianguke. Straczynski akaahidi kwamba ugonjwa ule utabaki siri.

Watu walisema mengi. Wengine walikisia kwamba amefukuzwa, wengine kwamba hakufaa. Straczynski alisema tu kwamba wameachana kwa makubaliano, akanyamaza. Alinyamaza 1994, akanyamaza 2004. O'Hare alifariki Septemba 2012. Mwaka 2013 ndipo Straczynski aliposema mbele ya watu, na alisema kwa sababu O'Hare mwenyewe alitaka, kwamba yeye akishaondoka duniani watu wajue, huenda mgonjwa mwingine akapata moyo wa kutafuta tiba.

Karibu miaka ishirini. Mimi siri yangu iliniwia nzito kwa siku tatu.

Na tazama tofauti nyingine. Yule alikuwa na kampuni, mamia ya wafanyakazi, ratiba ya televisheni, na bado neno la kwanza kumtoka lilikuwa, tusimame. Sisi tulikuwa na mabango ya shilingi elfu arobaini. Tungeweza kungoja mwezi. Hakuna aliyekuwa akitusubiri isipokuwa mbu wa ule ukumbi.

*

Karibu na mwisho wa msimu wa pili, Wacentauri wanaipiga sayari ya Wanarn kwa mawe makubwa ya angani, mji kwa mji. Londo anatazama kupitia dirisha la meli. Hasemi kitu. Alichotaka amekipata, na kamera inabaki usoni mwake muda mrefu kuliko unavyoweza kuvumilia.

Baada ya hapo kuna tukio la dakika moja au mbili ambalo kwangu mimi ndilo moyo wa kazi yote. Ndani ya lifti wanakutana G'Kar, ambaye sasa hana nchi, na Vir, msaidizi wa Londo, kijana mnene, mwoga, mwenye roho safi, aliyejaribu kumzuia bwana wake akashindwa. Vir anamwambia G'Kar kwamba anasikitika. G'Kar anatoa kisu, anajikata kiganja, na kwa kila tone la damu linalodondoka anataja mfu mmoja. Anamwuliza Vir atawaombaje radhi hao. Vir anasema hawezi. Basi, anajibu G'Kar, na yeye hawezi kusamehe.

Nililitazama tukio hilo mara nyingi. Mwanzoni nilidhani linasema usiende, kwa kuwa hakuna faida. Mara ya tano au ya sita nikaona kitu kingine. Vir alijua kwamba hawezi kusamehewa, na alisema hata hivyo. Hakusema ili apate kitu.

Nikaenda. Ilikuwa Januari 2021. Rafiki yangu alikuwa ametibiwa, anameza dawa, anafanya kazi kwenye duka la stationari, fotokopi na kulamineti vyeti. Alikuwa amenenepa kidogo, anaongea polepole zaidi. Nilimkuta anapanga karatasi. Sikuzunguka. Nilimwambia kila kitu, kiti, dari, kicheko, chipsi. Mengi alikuwa anayajua. La kuigiza hakulijua.

Aliendelea kupanga karatasi. Kisha akasema, "Hebu niigize."

Nikasema, "Nini?"

"Ulivyofanya siku ile. Niigize nione."

Msomaji, nilisimama pale dukani na sikuweza. Shingo ilikataa kuinuka. Darini kulikuwa na feni, inazunguka, na mimi nilitazama vidole vya miguu yangu.

"Basi," akasema. "Kumbe unajua kwamba siyo mchezo." Mteja akaingia na cheti cha kuzaliwa, akamhudumia, akampa chenji. Mteja alipotoka akanigeukia. Hakusema amenisamehe, na hadi leo hajasema. Alisema, "Nimesikia. Jumamosi kuna makatoni ya karatasi yanakuja. Njoo unisaidie kushusha."

Nikaenda Jumamosi hiyo. Nikaenda na iliyofuata.

*

Msimu wa tatu niliupata baadaye, kwa diski nyingine. Tuliutazama wawili, dukani, baada ya kufunga. Ndani yake kuna sehemu mbili zinazofuatana, za mwaka 1996, ambamo Sinclair anarudi. Msimu wa pili alikuwa ameonekana dakika chache tu, katika ujumbe aliomtumia mwenzake kwa video. Sasa anarudi mwili mzima, na O'Hare alikuwa amepata matibabu alipokuja kuimalizia kazi ile. Sitakusimulia kinachompata, ukaone mwenyewe. Nitasema tu kwamba yule aliyeondoka bila kuaga anageuka kuwa jiwe la msingi ambalo jengo zima lilikuwa limekalia, na sisi tuliokaa ndani hatukujua.

Rafiki yangu alitazama kimya hadi majina yakapita. Nikamweleza habari za O'Hare na ile siri, na kwa nini hatimaye ilisemwa. Akafikiri. "Kumbe hata wao," akasema. Baada ya muda akaongeza, "Andika. Jina langu liache. Ila ile ya feni iandike, iandike yote. Kuna mtu sasa hivi amelala chali anaisikia ya kwake, na anadhani yuko peke yake duniani."

Kwa hiyo nimeandika. Kama ni wewe, ndugu yangu, hauko peke yako, na kuna dawa, na kuna watu waliorudi. Mwambie mtu. Chagua vizuri wa kumwambia. Usichague mtu kama nilivyokuwa mimi 2018. Na kama wewe ndiye uliyeambiwa, mpeleke kwa mganga wa hospitali, ukae naye kwenye benchi la kusubiri. Hayo mengine ya kupanda kwenye kiti yaache.

Kwetu sisi tunaoandika nina neno moja tu, nililolipata kwenye kituo kile cha angani. Mwekee kila mtu mlango, na siyo kwenye karatasi peke yake.

Tunaandika mchezo mpya, mimi na yeye. Baba mwenye nyumba amerudi, sasa ni mzee zaidi, na wapangaji wameongezeka. Nafasi ile haijapewa mtu. Daftari nimeshika mimi, nimekaa pembeni, na maneno yake nayajua, lakini safari hii nitayasema tu akisahau. Mazoezi yanaanza Jumamosi, tukishashusha makatoni. Koti liko kwa mama yake, limefuliwa. Ataamua mwenyewe kama alilete.